Uba Moka

Asumpta Mbena alisimamisha mkanda saa nne kasorobo asubuhi, Jumanne moja ya Februari mwaka 2006, chupa za shampuu zikabaki zimepangana bila vifuniko kutoka mwanzo wa laini mpaka mwisho. Watu wote wa ghala, pale Downsview, Toronto, wakageuka kumtazama. Kitufe kile chekundu kilikuwa cha dharura: mkono umenaswa, nywele zimevutwa, moto umewaka. Kwa miaka minne aliyofanya kazi pale, hakuna aliyewahi kukibonyeza kwa sababu ya redio.

"Nani ameumia?" Alibhai, msimamizi wa zamu, alikuja mbio, kalamu sikioni.

"Zima hiyo redio."

"Nimeuliza nani ameumia!"

"Mama yangu yumo kwenye hiyo redio," alisema Asumpta, kwa Kiingereza, kwa sauti, ili kila mtu asikie.

Mwanamke mmoja wa upande wa lebo akacheka, na wengine wakafuata, kwa sababu redio haikuwa imezimwa na kila mtu alikuwa anaujua wimbo ule. Uliitwa "Uba Moka". Walioutoa walikuwa wawili, Dado na Minka, mwanamume na mwanamke kutoka Ulaya, nywele nyeupe kama pamba, miwani ya rangi ya chungwa. Tangu Krismasi mji ulikuwa hauchezi wala haurukiruki kwa kitu kingine. Minka aliimba kwa Kiingereza juu ya kukesha na kutojali kesho, ngoma ya kompyuta ikadunda, halafu ngoma ikakatika ghafla na sauti ya mwanamke mwingine, nzito, iliyokauka, ikaita kama kutoka uani: "Urba, amka! Urba, amka!" Wao walisikia moka, ile kahawa. Ndiyo maana kwenye jalada la CD Minka alikuwa ameshika kikombe.

Asumpta hakuwa ameusikia kabla ya siku ile. Siku zote alikaa karibu na mashine ya vifuniko, ambayo ilimeza kila sauti. Asubuhi hiyo walikuwa wamemhamishia mwisho wa laini, chini kabisa ya spika.

Alibhai alimwingiza kwenye kile kijiofisi cha vioo na kufunga mlango. Alikuwa mzee wa Mwanza, mjukuu wa wauza vitambaa, na wakiwa peke yao alizungumza naye Kiswahili.

"Mama, unajua dakika sita laini imesimama? Mimi nitaandika nini kwenye ripoti?"

"Andika ulichosikia. Wewe si unajua Kiswahili? Huyo mwanamke anasema nini?"

Alibhai alichukua kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Anasema amka."

"Amka nani?"

"Jina la mtu. Urba, sijui."

"Tangu lini umesikia hivyo?"

"Tangu mwezi wa kumi na mbili," alisema, na mara hiyo akajuta kusema. "Nilidhani ni nyimbo tu, bana. Mtu anaamshwa aende disko."

"Huyo ni mama yangu mzazi. Anamlilia mdogo wangu, na mdogo wangu amelala kwenye jeneza mbele yake. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimemshika mama mkono."

Alibhai alimwamini. Hilo ndilo lililomtia hasira Asumpta kwa wiki nyingi baadaye: kwamba aliona usoni mwake ameamini, na bado akasema alilosema.

"Nje kuna watu thelathini wanasubiri. Utoke uwaombe radhi, neno moja tu, tuwashe mashine. Mengine tutaongea."

Asumpta alitoka. Alisimama pembeni ya mkanda, kofia ya nailoni kichwani, akawaomba radhi kwa kuwachelewesha. Mtu akapiga makofi. Alipokuwa anarudi mahali pake, kijana mmoja wa upande wa maboksi alijilaza juu ya rundo la makaratasi, akakunja mikono kifuani, na wenzake walipoimba "uba, uba moka!" akaruka juu. Ndivyo wimbo ule ulivyochezwa. Ngoma ikikatika, mnaanguka kama wafu. Akiita, mnaamka.

* * *

Nyumbani kwao Lawrence Heights, katika zile nyumba za safu ambazo ukuta mmoja unasikiliza familia mbili, binti yake, Elinaza, alikuwa amesogeza kochi dirishani na kulala sakafuni. Alikuwa na miaka kumi na miwili. CD ilikuwa inazunguka.

"Urba, amka!"

Mtoto akaruka, akazunguka, akamwona mama yake mlangoni na buti zenye theluji.

Asumpta alivuka sebule bila kuvua kitu na kuchomoa waya ukutani.

"Hutaucheza huo wimbo. Si hapa, si shuleni, si popote."

Elinaza alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Alikuja Toronto na miaka mitano; Kiswahili alikisikia chote na kukisema kwa shida. Alisema tamasha la shule ni tarehe kumi na saba Machi. Alisema mwalimu wa dansi amemchagua yeye awe mbele, wasichana kumi na wawili nyuma yake, na kwamba hakuna mtu darasani aliyewahi kumwalika popote mpaka alipoanza kuucheza wimbo huo vizuri kuliko wote. Sasa wanamwalika.

"Huyo unayemsikia ni bibi yako. Analia."

"Halii," alisema Elinaza, na hilo alilisema kwa Kiswahili. "Anaimba."

"Analia, nakwambia!"

"Bibi gani aimbe na Minka?" Akarudi kwenye Kiingereza chake, machozi yakimtoka: eti kila kitu anachokipenda yeye, mama yake lazima akigeuze msiba.

Mumewe, Zephania, alikuta nyumba iko hivyo, mama jikoni, mtoto amejifungia chumbani. Alikuwa fundi wa mitambo ya kupasha joto kwenye majengo ya ghorofa, mtu mpole wa Same, ambaye tangu afike nchi ile alijifundisha kupita kwenye milango ya watu bila kuacha alama. Alisikiliza hadithi yote akiwa amesimama, begi la vyuma begani.

"Una uhakika ni mama?"

"Baba Elinaza, wewe ulilibeba lile jeneza. Nenda kawashe usikilize."

Alienda. Aliporudi alilitua begi chini.

"Ni yeye," alisema. "Ni yule mzungu."

"Ni yule mzungu."

Hawakuhitaji kumtaja zaidi. Mwaka 1999, Mahenge, kijana wa kujitolea aliyekuwa akifundisha hesabu sekondari alikuja msibani na kinasa sauti kidogo mkononi. Walimpa kiti. Walimpa wali. Mtu hafukuzwi msibani.

"Sasa utafanya nini?" aliuliza Zephania. "Mama Elinaza, ukianza kuwaambia watu kazini mama yako yuko kwenye redio, watasema umechanganyikiwa. Wataanza kukutazama. Wimbo ni wa miezi miwili, utapita."

"Utapita?"

"Mimi nasema tu."

"Mdogo wangu anachezewa na watoto sakafuni, wewe unasema utapita."

Usiku ule walilala wamegeuziana migongo.

* * *

Jumamosi asubuhi, wakati Mahenge ilikuwa jioni, Asumpta alimpigia mama yake. Mama Prudence alikuwa na miaka sabini na mbili na hakupenda simu. Aliongea nayo kwa kufoka, kama mtu anayefukuza kuku. Asumpta alimweleza polepole. Kisha akaisogeza simu kwenye spika na kuuwasha wimbo.

Ulipokwisha, aliirudisha simu sikioni.

"Mama?"

"Weka tena."

Aliuweka tena. Elinaza alikuwa ametoka chumbani na amesimama kwenye ngazi, kidole mdomoni kama mtoto mdogo.

"Wamekata," alisema Mama Prudence.

"Wamekata nini?"

"Mimi sikusema amka peke yake. Nilisema: Urba, amka, umtaje aliyekupandisha juu ya magogo. Umesahau?"

Asumpta hakuwa amesahau. Urbanus alikuwa na miaka ishirini na mmoja, kuli wa lori la mbao. Mvua ilikuwa inanyesha, barabara inateleza, na mwenye lori akamwamuru apande juu ya mzigo azuie magogo yasitikisike, maana kamba zilikuwa zimechoka na hakutaka kungoja nyingine. Magogo yaliporomoka kwenye kona ya tatu. Mwenye lori ndiye aliyeleta jeneza. Alikuja nalo mwenyewe, akakaa kiti cha mbele pamoja na wakubwa, na Mama Prudence akasimama mbele yake, kitambaa kimemdondoka kichwani, akamwambia maiti ya mwanawe aamke amtaje. Aliita mara nyingi mno. Watu wote waliinamisha vichwa isipokuwa mama. Mwenye lori aliondoka kabla ya mazishi. Hakushtakiwa. Maneno yale ndiyo hukumu pekee aliyowahi kupewa.

"Wamechukua jina la mwanangu wakamwacha yule," alisema Mama Prudence. "Na wanacheza?"

"Wanacheza, mama."

"Huko kwenu wanajua nasema nini?"

"Wanadhani ni kahawa."

"Kahawa!" Alipumua kwa nguvu. "Basi sikiliza. Mimi sitaki wauzime."

"Mama, mimi nataka usipigwe tena kabisa."

"Usiuzime! Nimewahi kusikika mpaka wapi mimi? Mahakama haikunisikia, ya hapa hapa. Waambie wamalizie. Wakishataja jina la Urba, na hayo mengine wayaseme. Kama hawataki kuyasema, wamrudishe."

Simu ikakatika. Asumpta alibaki ameishika. Alipogeuka, ngazi ilikuwa tupu.

* * *

Siku iliyofuata ya kazi, Alibhai alimwekea kikaratasi kwenye kabati lake la nguo. Kilikuwa na namba ya simu na jina: Nilofar, binti wa dada yake, mwanasheria, Richmond Hill. Tangu siku ile mzee alikuwa akibadilisha stesheni kila wimbo ulipoanza, na wafanyakazi walimzomea, na yeye akajifanya hasikii. Asumpta hakumshukuru.

Nilofar aliandika barua bila kumdai Asumpta malipo yoyote. Jibu lilikuja wiki tatu baadaye kutoka kwa kampuni iliyosambaza CD zile, na akawaita. Ilikuwa siku ya mapumziko ya shule, kwa hiyo Elinaza alikwenda pia, akiwa amenuna dirishani mwa basi njia nzima. Walikuwa hawajaongea vizuri tangu simu ile ya Mahenge, na mazoezi alikuwa akiendelea nayo. Asumpta alijua. Alikuwa amechoka kukataza.

Ofisi ilikuwa na zulia jeupe. Asumpta alisita mlangoni na viatu vyake, mpaka Nilofar akamshika mkono.

"Ingia tu, aunty, usiogope zulia." Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani kwao, cha jikoni, kilichochanganyika. "Wamejibu. Si jibu zuri."

"Soma."

"Ni Kiingereza cha ovyo ovyo cha kisheria—"

"Mpe mtoto asome. Yeye Kiingereza ndicho chake."

Kulikuwa na uchungu katika kusema vile, na Elinaza aliusikia. Aliichukua barua. Alisoma kwamba kampuni imefurahi kuwajua mashabiki wanaoupenda wimbo. Alisoma kwamba sauti iliyomo ilinunuliwa kihalali kutoka kwenye hazina ya sauti wanazouziwa wanamuziki, na kwamba humo haina jina la mtu. Imeorodheshwa kama sauti namba kumi na nne: mwanamke wa Kiafrika, akishangilia.

Alisimama hapo. Akalirudia lile neno la mwisho, kwa Kiingereza, chinichini. Akamtazama mama yake.

"Endelea," alisema Asumpta.

Kampuni ilisema kwamba mtu anayedai kuwa sauti ni ya jamaa yake alete uthibitisho. Pamoja na barua, kwa moyo wa urafiki, walikuwa wameambatisha tiketi mbili za onyesho la Dado na Minka na picha yao yenye saini.

Picha ilikuwa mezani. Minka alikuwa anacheka na kikombe chake.

"Uthibitisho gani wanataka?" aliuliza Asumpta.

Nilofar alisugua paji la uso. "Mkataba. Au rekodi nyingine ya mama akiimba vilevile, wataalamu walinganishe."

"Aimbe tena vilevile?"

"Ndiyo wanavyosema."

"Afe nani?"

Nilofar aliigeuza ile picha, akailaza kifudifudi, na uso wake mzuri wa kiofisi ukawa mwekundu.

Kwenye basi la kurudi Elinaza alikaa karibu na mama yake.

"Mjomba Urbanus alikuwa... mrefu?" aliuliza kwa Kiswahili, akitafuta kila neno.

Hakuwahi kuuliza. Wala Asumpta hakuwahi kusema. Alikuwa ameiacha habari ile Mahenge pamoja na nguo nyeusi. Sasa alisema. Alikuwa mfupi, alisema, na alichukia kuitwa mfupi. Alikuwa hawezi kupiga mluzi. Alisema habari za magogo, na kamba, na mvua, na yule mtu kwenye kiti cha mbele, na hakupunguza sauti hata abiria walipogeuka.

"Sema tena maneno ya bibi," alisema Elinaza. "Yote. Pole pole."

* * *

Tarehe kumi na saba Machi ukumbi wa shule ulijaa. Zephania alibaki nje kwenye gari; alisema maegesho yana shida, na Asumpta hakubishana. Alikaa safu ya tatu. Hakuwa amemwambia mtoto acheze wala asicheze. Alikuwa amemsuka nywele asubuhi, basi.

Wasichana kumi na watatu waliingia na miwani ya rangi ya chungwa. Ngoma ikadunda. Elinaza alikuwa mbele, na alicheza vizuri kiasi kwamba Asumpta, pamoja na hasira zake zote, aliona fahari na akaichukia ile fahari. Ngoma ikakatika. Wote wakaanguka.

"Urba, amka!"

Kumi na wawili waliruka. Elinaza hakuruka.

Watu walicheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Wasichana walimzunguka, wakacheza, wakatupiana macho. Mwalimu alionekana pembeni ya pazia akipunga mkono: juu, juu! Sauti ya Mama Prudence iliita mara ya pili, ya tatu, ya sita. Mtoto alilala chali, mikono ubavuni, macho wazi. Kicheko kilipungua. Mzazi mmoja alisimama kuangalia kama ameumia. Wimbo ulikwenda mpaka mwisho hivyo, dakika tatu na nusu, na ulipokwisha baadhi walipiga makofi na baadhi hawakujua wafanye nini. Hapo Elinaza akainuka, akavua miwani, akatoka jukwaani akitembea.

Mwalimu wa dansi aliwakuta kwenye korido, shingo imemwiva.

"Wenzako wamefanya mazoezi wiki nane! Kwa nini hukuamka?"

Elinaza alimjibu kwa Kiswahili, kwa lafudhi yake iliyopinda, akipaza sauti mpaka wazazi waliokuwa wanatoka wakasimama:

"Urba, amka, umtaje aliyekupandisha juu ya magogo!"

"Anasema nini?" mwalimu alimgeukia Asumpta. "Hiyo maana yake nini?"

Mwezi mzima Asumpta alikuwa amewatafsiria: kazini, ofisini, kwenye barua. Alikuwa ameeleza kwa upole na kuomba radhi kwa kueleza.

"Hayo ndiyo maneno ya wimbo wenu," alisema. "Ulipaswa kuuliza kabla hujawalaza watoto sakafuni."

Akamshika mtoto mkono wakatoka.

Nje baridi ilikuwa kali, na Elinaza alikuwa na kile kinguo cha kumetameta tu. Zephania aliwafungulia mlango wa gari.

"Koti lake liko wapi?"

Lilikuwa ndani. Hakuna kati yao aliyetaka kurudi. Zephania aliwatazama nyuso, mke wake, mtoto, akauliza kumetokea nini, na Elinaza akamwambia kwa ufupi, sehemu kwa Kiswahili, sehemu kwa Kiingereza. Mwalimu alisema haruhusiwi tena kwenye kikundi. Wenzake walimwita mwendawazimu.

Zephania alizima gari. Alitembea kuvuka maegesho, buti zake za kazi zikivunja barafu, akaingia mlango wa mbele.

Alikaa sana. Asumpta alimvua mtoto viatu, akamsugua nyayo mapajani mwake. Waliona watu wanatoka, magari yanapungua. Alipotokea, koti lilikuwa begani, na alikuwa anatembea haraka, kwa namna ambayo mke wake alikuwa hajaiona tangu Tanzania.

"Umewaambia nini?"

"Kuna karatasi ukutani ya majina ya waliotengeneza kila wimbo. Itabaki hapo kesho siku nzima, watu waje kupiga picha." Alimfunika mtoto koti, akakaa nyuma ya usukani bila kuwasha. "Nimemwita yule mwalimu. Nikamwambia aandike: sauti ni ya Prudence Mbena, akimlilia mwanawe Urbanus. Nikamtajia herufi moja moja."

"Ameandika?"

"Alikosea mara ya kwanza," alisema Zephania. Akawasha gari. "Nikamfutisha, akaandika tena."